Kompyuta Isiyozima

Binamu yangu fundi,

Natumaini kazi zinakupa nafasi ya kupumua. Huku masjala ya hospitali imepakwa rangi upya, na mama yako bado ananitania kwamba nakula kama kifaranga.

Ile kompyuta mpya ya masjala inakwenda vizuri. Vipuri nilichagua kama ulivyonielekeza: powa saplai, yaani kifaa cha kuipa umeme, ya kuaminika badala ya ile ya bei ya kutupa, memori inayoelewana na bodi yake, na kasi sikuijali. Tangu tuiwashe haijazima hata mara moja. Shangazi, mama yako, aliizunguka akacheka, "We mtoto, hii haichoki? Utaninyima kazi!" Nami nikacheka.

Unakumbuka ile ya zamani ilivyokuwa ikizima ovyo? Yeye ndiye aliyeandika kadi za wagonjwa kwa mkono ili foleni isonge. Juzi mkuu wetu aliniuliza, "Karani, yule mama wa kadi siku hizi anafanya nini?" Ningeweza kumtetea, lakini sikufanya hivyo. Nikajibu, "Anasubiri kompyuta izime, mkuu."

Kwa jibu hilo ataachishwa kazi mwisho wa mwezi, na bado hajui. Nimeshindwa kumtazama usoni. Tafadhali njoo, asiipokee habari hii akiwa peke yake.

Barua yake ya kuachishwa nimeagizwa niichape mimi. Nilipofika kwenye jina lake niliinua vidole, nikaomba kompyuta izime kama ile ya zamani.

Haikuzima.

Nisamehe,
Binamu yako karani