Nilipogombea kwa Alama ya Kata

Neema mjukuu wangu,

Amahoro, amani iwe kwako huko Mwanza. Hapa Gitega tuko salama. Shangazi yako amejifungua, na mtoto analia kwa sauti ya marehemu babu yako.

Umeniuliza kama nililia nilipokosa ubunge kule Muyinga.

Nilikuwa mgombea binafsi, sina chama wala gari la vipaza sauti. Alama yangu ilikuwa kata, ile ya majani ya migomba tunayowekea ndoo kichwani. Alfajiri wanawake wakipanda kutoka kisimani, kila mmoja na kata yake ndani ya ukungu, niliona kama kilima kizima kinaelea kuja kunipigia kura.

Siku ya kura njia ya kisima ilipita mbele ya kituo. Msimamizi akaamuru kata zivuliwe, eti ni kampeni.

Bibi mmoja akamuuliza, "Na mzigo, mwanangu, nao tuuvue?"

Wakapita bila kata, maji yakiwachuruzika mabegani.

Nilishindwa. Kesho yake nilishuka kisimani nimeinamisha uso. Yule bibi akavua kata yake, akaniwekea kichwani, akanitwika ndoo.

"Haya Mheshimiwa, twende. Watoto wanasubiri maji."

Tukapanda pamoja ndani ya ukungu. Ningeliaje, Neema? Ukilia na ndoo kichwani, maji yote yanamwagika.

Bibi yako