Mjukuu Wako Anaolewa na Mpiga Mbiu

Baba yangu mpenzi,

Masalkheri huko uliko, Mola akunawirishie nyumba yako. Sisi ni wazima. Mama amejilaza kidogo baada ya kuwafokea wakaanga sambusa, nami nimejificha dukani nikuandikie kabla sijaitwa tena. Mjukuu wako Rukia anaolewa Ijumaa. Nimefurahi, baba, lakini furaha usiyoijua wewe naiona ina pengo. Basi tulia nikueleze, maana harusi hii nusura isiwe, na kilichoiokoa ni ule mchezo wetu wa barazani.

Unaukumbuka? Ni baada ya alasiri hapa Kibokoni, wewe na kahawa yako, mimi na kashata yangu. Mtu akipita unaniuliza, "Huyu nani?" nami nataja kazi yake kama anavyojiita mwenyewe. Nikisema ajenti wa nyumba, wewe unadakia, "Dalali!" Nikisema dizaina wa mitindo, "Fundi cherehani!" Siku moja akapita mtoto wa jirani na sare mpya, vifungo vinang'aa, tukaambiwa sasa ni ofisa wa usalama. Ukainuka ukampa mkono: "Hongera, bawabu wetu." Alinuna wiki nzima, mpaka ulipomweleza kuwa zamani ufunguo wa nyumba kubwa hakupewa mtu ovyo, alipewa bawabu. Tangu siku hiyo akawa anapita makusudi ili umwite hivyo.

Wewe mwenyewe ulikuwa tarishi. Miaka nenda miaka rudi ulipeleka barua za ofisi kwa baiskeli, jua kali mvua kubwa. Kisha wakakubadilisha cheo, ukarudi nyumbani na kitambulisho kipya kifuani: ofisa wa mawasiliano. Mama akakuuliza, "Na baiskeli je?"

"Baiskeli haijapandishwa cheo," ukamjibu, tukacheka mpaka uji ukafurika jikoni.

Mimi ningali dobi, kama ulivyoniacha. Rukia aliniandikia ubao wenye maneno mazito kuhusu huduma za kisasa za mavazi. Wateja wanausoma, wanapita, halafu wanarudi kuniuliza, "Dobi yuko wapi hapa?"

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Washenga walikuja Jumapili moja. Ami Athmani, ndugu yako mdogo, alikaa pale pale ulipokuwa ukikaa wewe. Walii wa kumuoza ni mimi, lakini wajua kwetu, posa haijibiwi mpaka mkubwa wa ukoo aseme neno. Kijana anaitwa Hamisi, wazee wake ni watu wa Rabai, yeye anafanya kazi hapa mjini. Ami akauliza dini yake, akaridhika. Akauliza wazee wake, akaridhika. Kisha akauliza, "Na kijana yuwafanya kazi gani?"

Mshenga, mzee mmoja mpole, akakohoa kwanza. "Ni meneja wa mitandao ya kijamii, sheikh."

"Yuwasimamia watu wangapi?"

"Yuko peke yake."

"Na duka lake liko wapi?"

"Liko... liko kwenye simu."

Ami akaweka kikombe chini, kando ya sahani ya halwa. "Simu hata mimi ninayo. Haya, tutawajibu, inshallah."

Baba, waijua "tutawajibu" ya mji huu. Mtu akiambiwa hivyo na kahawa haijaisha, hutafuta viatu vyake na hapiti tena mtaa ule. Nyuma ya pazia nikasikia bangili za Rukia zimenyamaza ghafla. Mtoto alikuwa ameshaniambia wazi, bila haya: "Baba, huyu nikimkosa sitaki mwingine."

Ndipo nikakukumbuka. "Ami," nikasema, "mpiga mbiu naye alikuwa na duka?"

Akanitazama kama niliyepandwa na pepo. Lakini mlinisimulia nyinyi wenyewe jinsi mlivyokuwa mkimkimbilia mtu yule na pembe yake, toka Kuze hadi Kibokoni. Kila kona husimama akapiga, kisha akatangaza: fulani amefariki, fulani aoza binti yake, kwa fulani umeingia mchele mpya.

"Duka lake lilikuwa ni mdomo wake," Ami akasema polepole.

"Basi na Hamisi kazi yake ni iyo hiyo. Wenye maduka humlipa, naye huwatangazia bidhaa zao."

"Humtangazia nani? Mbona mimi sijamsikia?"

Hapo Bi Zena, mkewe, akashindwa kuvumilia nyuma ya pazia. "Hiyo halwa uliyoifuta nusu sahani, wadhani mimi niliijuaje? Si mbiu ya kijana huyo huyo kwenye simu yangu!"

Ami akaitazama halwa. Akawatazama washenga, ambao walikuwa wameinamisha vichwa kuficha kicheko. Kisha akacheka lile cheko lenu la kutikisa mabega, na sebule nzima ikapumua.

"Nimekubali," akasema. "Ila nina sharti. Mpiga mbiu na apige mbiu. Watu wetu awaalike yeye mwenyewe, kwa mguu na kwa mdomo, mlango kwa mlango, kama ada yetu. Simu aiwache kwao."

Nilimwonea huruma, kwa kuwa vichochoro vyetu hata sisi wenyewe hutuzungusha. Kanzu yake niliifua na kuipiga pasi kwa mkono wangu. Jana akatoka, na watu wakashangaa kuona bwana harusi anajialikia mwenyewe. Hakuwa amewahi kuonana na Ami, kwani mambo yote yalipita kwa washenga. Alipofika Kuze akabisha mlango wa Ami pasi na kujua ni wa nani. Ami akamchungulia kutoka dirishani.

"Mwaalikwa Ijumaa, mzee, baada ya alasiri, nikaha ya Rukia wa Kibokoni."

"Na mume ni nani?" Ami akauliza, amekunja uso.

"Ni mimi, mzee."

"Wafanya kazi gani?"

"Mpiga mbiu."

Ami alikuja kunihadithia haya dukani huku anafuta machozi ya kicheko. "Nikamwambia, tutakuja," akasema. "Lakini jina hilo kafunzwa na nani?" Nikamwambia ni Rukia, kwani nimeucheza naye mchezo wako kwenye baraza ile ile tangu yu mdogo.

Mama ananiita, sambusa zimepungua. Nakuombea rehema, baba, na Ijumaa nafasi yako barazani haikaliwi na mtu. Barua hii sijui nimpe nani aifikishe, maana tarishi niliyemwamini ni mmoja tu, naye ndiye ninayemwandikia.

Ni mimi mwanao,
dobi