Fundi Aliyetuambia "Liacheni"

Mwenzangu uko wapi? Shika simu!!

Yule fundi tuliyemchukua mimi na binti yangu atukagulie gari kabla hatujalinunua, yule mpole mpole, katufanya wajinga.

Kafunua boneti, kaguna. Kaingia uvunguni, katoka anatikisa kichwa kama katoka msibani. "Bibi, injini imechoka, giaboksi inakufa. Matengenezo yatazidi bei ya gari. Liacheni."

Liacheni! Binti yangu machozi yakamtoka, maana baba yake miguu haimbebi tena, kliniki anapelekwa mgongoni.

Tukaondoka. Njiani nikakumbuka miwani yangu nimeiacha kiti cha mbele cha gari lile. Nikarudi peke yangu.

Namkuta nani? Fundi huyo huyo, kamshika mwenye gari mkono: "Nimeshawafukuza. Sasa nipunguzie, nilichukue mimi leo."

Lile lile la "liacheni"!!

Nikamwuliza, "Mwanangu, giaboksi imefufuka?"

Akauachia mkono wa mwenye gari. Halafu ati, "Bibi, haya mambo ya kiufundi huwezi kuyaelewa."

Mimi! Nimelea wanaume wa aina yake, uongo wao naujua tangu haujaanza kutambaa.

Unanijua, si mtu wa kelele. Sikupiga kelele. Nimefungua mlango, nimekaa, nimevaa miwani, nimefunga mkanda. Wananibembeleza nishuke, nawaangalia tu.

Binti nimeshampigia, anarudi. Wewe niletee mkweo aliyesomea magari, alikague upya mbele ya macho yangu. Mpaka afike, anayelitaka gari hili atalinunua na mimi ndani.