Ngoja Kwaya Ipite

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Mimi sijambo, ila chakula cha bweni ni cha kula umefumba macho.

Alhamisi ijayo wauguzi wanakuja chuoni kutuchanja homa ya uti wa mgongo. Wanasema huambukiza kirahisi vijana kama sisi, tunaolala wanane chumba kimoja na kunywea kikombe kimoja. Lakini Jumamosi yake ni mashindano ya kwaya, na mimi ndiye mwanzishaji wa wimbo. Wenzangu wanasema mkono huuma. Nichanjwe, au ningoje wakirudi mwezi ujao?

Mwanao,
Chiriku

7 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mdogo wako anakusalimu, na anauliza kama kitanda chako sasa ni chake.

Gauni lako la mashindano nimemaliza kulishona, nimelituma. Mikono nimeibana kweli kweli, ndio mtindo. Sasa bega likivimba, mshono utaachia jukwaani, watu waulize fundi ni nani. Ngoja kwaya ipite, utachanjwa wauguzi wakirudi mwezi ujao. Wewe imba.

Mama yako

29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumai ulifika salama. Siku ile wodini nilikuona ukisema maneno mengi ukiniaga, sikupata hata moja. Daktari ameniandikia kwenye karatasi kwamba masikio hayatarudi.

Tulishinda, unajua. Wiki tatu baadaye kichwa kikaanza kuniuma na shingo ikakataa kuinama, nami nikadhani ni uchovu. Wenzangu waliochanjwa wako darasani.

Nimekukasirikia. Najikasirikia na mimi pia, maana mkono ulikuwa wangu. Likizo nitabaki huku bwenini. Mdogo wangu anaanza shule ya bweni karibuni, mpeleke akachanjwe kabla hajaondoka.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba, mama. Hali yako? Najua hukuwa na hamu ya kuniandikia, nashukuru uliandika.

Siku ile wodini nilikuwa nakuomba radhi. Niliogopea jina langu la ufundi kuliko afya yako. Najuta, na sioni pa kuyapeleka majuto haya. Wala sikuharakishi unisamehe.

Mdogo wako nimempeleka. Pale kituoni foleni ilikuwa ndefu, na mama mmoja mbele yetu akamwambia binti yake waondoke, watakuja siku nyingine. Nikamshika mkono, mtu hata simjui, nikamweleza habari zako. Akarudi kukaa.

Njiani mdogo wako akaanza kuimba ule wimbo wenu wa mashindano. Nikamkaripia anyamaze. Baadaye nikamwambia haya, imba, akasema ameusahau. Hajausahau, ananionea huruma tu.

Njoo nyumbani likizo, mwanangu. Njoo hata kama umenuna, kaa siku zote usinitazame. Na ukifika usibishe hodi ukasimama nje kungoja, maana nitaitikia na hutanisikia. Sukuma tu mlango uingie.

Mama yako