Breki za Mteremko wa Bereko

Bahi,
Ijumaa, 11 Oktoba 2024.
Mwaka wa arobaini na tano tangu niondoke nyumbani.

Kwako mdogo wangu Mwantum,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, wewe na wote walio chini ya paa lako, na kwamba kidonda cha Nasra kimeanza kukauka. Mwambie mwanao kuwa mjomba wake anamuulizia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi sina ugonjwa wa kutaja. Miguu inanikubali na macho bado yanasoma. Mvua haijafika, majaruba ya mpunga yamepasuka kama kisigino.

Barua yako niliipata Jumanne, pamoja na kifurushi cha vyuma vya breki ulichomkabidhi kondakta wa basi. Nimeisoma mara tatu na kila mara nimeiweka chini kwa hasira. Unasema wazee wamekaa vikao viwili na wameafikiana kwamba ndugu yetu Mustapha afukuzwe kwenye boma la baba, kwa sababu uzembe wake wa breki ndio ulioangusha gari na kumkosesha Nasra mguu. Wananingoja mimi, kaka mkubwa, nirudi Bereko Jumapili ya wiki ijayo, nikae mahali pa baba na nitamke hukumu. Unasema pia kwamba barua yangu ya mwezi uliopita, ile ambamo nilimwita Mustapha mtu aliyebakiza hatua moja kuwa muuaji, ilisomwa kikaoni na watu wakaitikia.

Wazee hao wamenichukiza. Hakuna hata mmoja wao aliyeinama kutazama chini ya gari. Mmoja, unaandika, alisema ile Noah iliingiwa na kijicho kwa kuwa ilikuwa nyeupe kupita kiasi. Mwingine akasema dereva wa kweli hushuka Bereko hata bila breki, mbona babu zetu walishuka na punda, na watu wakacheka. Nasra alikuwa chumba cha pili, akiwasikia wakicheka.

Kifurushi nilikipeleka kwa Hilaria. Huyu ni fundi wa hapa Bahi, mama mtu mzima aliyejifunza kazi kwa marehemu mumewe, na ndiye aliyefunga pedi na diski mpya kabla sijawatumia gari miaka miwili iliyopita. Alivipanga vyuma vile juu ya gunia, akavifuta. Pedi, kama hujapata kuziona, ni vibao vinavyoibana diski ya chuma ili gurudumu lisimame. Ikiwa mpya, nyama yake ni nene kama kidole cha mtoto. Hizi nyama imekwisha yote, limebaki bati, na bati hilo limeichimba diski mifereji ambayo ukucha unazama. Ukingoni mwa diski kiwanda kimeandika unene ambao ikipungua hapo haifai tena: milimita ishirini na mbili. Hilaria alipima akapata kumi na tisa.

Aliniambia haya hayakutokea kwa siku moja. Pedi ina ulimi mdogo wa chuma, umewekwa makusudi ulie nyama inapokaribia kwisha. Pedi zingebadilishwa zilipoanza kulia, diski zingepona. Gari lilisema kila kitu, akasema, aulizwe aliyekuwa akisikia.

Nilimjibu kwa ukali kwamba pedi zilizotangulia zilikwenda kilomita elfu hamsini na hizi hazijafika elfu kumi na nane, kwa hiyo yeye ndiye aliyenifungia bandia. Alicheka, si kwa furaha. Mzee wangu, akasema, hizo elfu hamsini ulizitembeza hapa Bahi, ambako ukiachia mafuta tu mchanga unakusimamishia gari. Wewe si mtu wa milimani? Hujui mteremko unavyokula breki? Gari halisomi kitabu, mzee. Nikamwambia asinifundishe nchi niliyozaliwa, nikaondoka bila kuaga.

Njiani nilijaribu kuukumbuka mteremko ule. Niliushuka mara ya mwisho mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa kwenye milima yetu ili ardhi ipone, nikiswaga ng'ombe wa baba kuja tambarare na kuahidi kurudi baada ya misimu miwili. Naukumbuka udongo mwekundu na makorongo yake. Naikumbuka sauti ya mama akituita kwa Kirangi kutoka juu. Lakini kona ni ngapi, na dereva huanza kukanyaga breki wapi, sikuweza kusema. Nimekaa tambarare mpaka nimesahau kwamba kwetu kunashuka.

Na Mustapha nimemkasirikia kuliko wote, maana alikaa vikao vyote viwili akitazama mkeka bila kusema neno.

Sasa haya uyasome mbele yao, kwa sauti ileile uliyosomea barua ya kwanza. Mustapha aliniuliza. Aliniuliza mara mbili. Unajua kwetu kitu cha kaka mkubwa hakifunguliwi na mdogo bila ruhusa, na gari lile niliwatumia mimi. Mwanzoni mwa Agosti alinipigia simu, akaniamkia vizuri, akasema breki zinalia wakati wa kushuka na fundi wa Kondoa ameshauri pedi zitolewe sasa. Nikafungua kitabu cha gari, nikapiga hesabu ya kilomita, nikamwambia bado. Mwishoni mwa mwezi akapiga tena. Alisema kanyagio linatetemeka, diski nazo zimekwisha, pedi na diski vyote vitoke na gari lisimame mpaka hapo. Alisema, kaka, nakuomba. Nikamwambia nilikuwa nasoma vitabu yeye hajaota meno, kwamba anachosikia ni mchanga, na kelele ikimkera aongeze sauti ya redio. Nikamwamuru aendelee kupeleka wagonjwa Kondoa mpaka nije kwenye Maulidi nilitazame mwenyewe.

Gari lilianguka siku tisa baadaye, Nasra akiwa ndani.

Baada ya hapo ndipo nilipoandika ile barua ya kwanza, nikijua. Mustapha aliisikia ikisomwa, na hakunitaja, kwa kuwa mdogo hamvui nguo kaka yake mbele ya watu. Nilimkasirikia kwa kunitii, kisha kwa kunisitiri. Hasira hiyo haikuwa yake, na nimemrudisha ndugu yangu chini ya mteremko mara ya pili kwa kalamu.

Basi hukumu mliyoitaka ni hii. Mustapha haondoki. Mahali pa baba ni pake. Gari ni lake pia, na likilia alifungue siku hiyohiyo bila kumuuliza mtu. Nasra nitamwandikia mwenyewe, asilazimishwe kuisoma.

Wasalimie majirani wanaonikumbuka, na waliokwisha kunisahau uwaache. Mungu akuzidishie subira, mdogo wangu, na amtie Nasra nguvu ya kusimama.

Kikao msinisubiri. Sitarudi Bereko.

Ni mimi kaka yako,
Suleiman