Kinyumenyume Anachagua Tableti ya Ndege

Chumba cha Kushonea,
Nyumba ya Kona,
Jumapili, tarehe 4, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako, tele kama vitambaa vilivyonizunguka hapa. U hali gani, mdogo wangu? Shingo inasemaje? Uvimbe unakuachia umeze sasa, au bado unakula kwa kijiko kidogo kama ulivyoandika? Usingizi unaupata? Usinijibu kwa mdomo, maana daktari amekukataza kusema, na ndiyo sababu ninakuandikia badala ya kupiga simu. Juzi tulipopigiana ulilia wewe, nikalia mimi, tukakata bila mtu kusema neno.

Sisi huku wazima. Mguu wangu unavimba nikikaa sana kwenye cherehani, lakini hilo si geni. Sare za shule nimebakiza magauni kumi na manne. Shemeji yako anang'oa meno ya watu siku tatu kwa juma, na siku zilizobaki anashinda na ile ndege yake. Nilidhani akifika umri huu atapenda bustani.

Barua yako nimeisoma mara nne. Upasuaji ni Alhamisi tarehe 15, na unataka ukizinduka uso wa kwanza kuuona uwe wangu. Kitinda, tangu uolewe hujawahi kuniomba kitu, hata sindano. Nilisema ndiyo kabla sijajiuliza nitafikaje. Basi linachukua siku mbili, na daktari amenikataza kukaa kitini zaidi ya saa nne mfululizo, damu isije ikaganda mguuni. Kwa ndege ya shemeji yako ni saa tatu na kidogo. Maji nimekwisha yavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Ndege yenyewe umeiona kwenye picha. Ina viti vinne, bawa liko juu, na mlango wa upande wangu haufungi mpaka uuambie maneno mazuri. Shemeji yako hajawahi kuirusha mbali kiasi hicho. Kati yetu na ninyi kuna milima, na kiwanja chenu ni ukanda wa nyasi tu nyuma ya nyumba yako, ambao asiyeujua atapita juu yake akidhani ni malisho. Akasema atanileta, ila kwa sharti moja: tupate tableti nzuri ya kutuonyesha njia. Na kwa kuwa yeye mikono yake iko kwenye usukani, msoma njia nitakuwa mimi, kwa hiyo nichague mimi.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Yaani mimi, Kinyumenyume, nichague chombo cha kusomea ramani!

Hujasahau jina hilo lilivyonipata, maana ulikuwepo, umeshika kona ya gauni langu. Baba alituchorea njia ya kwenda kwa shangazi kwenye karatasi ya daftari, nami kila tulipokata kona niliigeuza karatasi ili nayo ikate kona. Tulipomsimulia akacheka, akasema ramani ina kichwa na miguu kama mtu, na mtu hageuzwi kichwa chini. Kuanzia siku ile nikawa Kinyumenyume mpaka leo, wajukuu nao wananiita hivyo. Lakini mimi kazi yangu ni kugeuza. Nguo hushonwa kwa ndani, ndipo igeuzwe ivaliwe. Nani amewahi kunicheka kwa hilo?

Basi nikaenda dukani. Nikamwambia muuzaji nataka tableti ya ndege. Akaniuliza kama nataka ya mchezo wa ndege au ya sinema za ndege. Nikamwambia ya ndege ya kupaa, yenye watu ndani. Akaanza kuniuliza giga ngapi, inchi ngapi, ya laini au ya waifai peke yake. Nilijibu kama mtu anayejibu kwa kiapo, ila sikujua ninachoapia. Mwisho akanionyesha moja nyembamba, kioo king'avu, akafungua ramani, na kidoti cha buluu kikatokea pale pale dukani tuliposimama. Nikasema kama inajua tulipo, inatosha.

Kitinda, tulipaa nayo. Tulipita juu ya mji, juu ya kinu, juu ya mashamba, ng'ombe wamekuwa wadogo kama vifungo vya shati, na tableti inashikilia kwamba bado tuko dukani. Niliitikisa. Niliipuliza. Shemeji yako akauliza inasemaje, nikamwambia inasema tuko kati ya duka la viatu na benki.

Tuliposhuka nikampelekea fundi wa ndege, yule mama tunayemwita Spana kwa sababu haimtoki mfukoni. Alicheka mpaka akakalia sanduku lake la vyombo. Akanieleza kwamba tableti ile haina kile kidude cha kupokea setilaiti. Pale dukani ilikuwa inapata jibu kutoka kwenye waifai, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani. Angani hakuna jirani. Akasema nichukue ile ya laini, hata kama laini yenyewe sitaiweka, kwa sababu ile ndiyo yenye kidude. Kwa nini ya laini isiyo na laini iwe na akili kuliko ya waifai yenye waifai? Usiniulize. Nimeuliza mara mbili, nikajibiwa mara mbili, na bado sijui.

Muuzaji alikubali kubadilisha. Safari hii nikasema nisifanye kosa, nikachukua kubwa kuliko zote, maana macho yetu si yale ya zamani. Nikamshonea shemeji yako mkanda wa lastiki wa kuifungia pajani, ili naye aione bila kunigeukia kila dakika. Nilimpima paja kwa utepe kama ninavyompima mteja. Paja lilikuwa sawa. Nilichosahau kupima ni kitambi. Spana akamwambia avute usukani hadi mwisho, kwa sababu rubani lazima aweze kuuvuta wote. Usukani ukagonga tableti, tableti ikagonga kitambi, vyote vitatu vikakwama. Shemeji yako akasema tatizo ni tableti. Sisi wawili tuliangalia pembeni.

Tukarudisha ile, tukapewa ya ukubwa wa kati, yenye kidude. Hii shemeji yako hakutaka kabisa isogelee tumbo lake. Akaibandika mbele kwenye kioo kwa kile kikombe cha mpira kinachonyonya. Ilionekana vizuri, kidoti kinatembea, nami nikaanza kuiamini. Ijumaa tukaenda nayo kiwanja cha kaskazini kwa majaribio, tukanyoosha miguu, tukageuka kurudi nyumbani.

Jua lilikuwa kali na kioo kile hakina pazia. Tulikuwa nusu ya njia, ardhi yote chini ya rangi moja, mara ikatokea alama ya kipimajoto na maneno kwamba tableti imepata joto, isubiriwe ipoe. Halafu ikazima. Nikaitoa kwenye kioo, ilikuwa ya moto kama pasi. Shemeji yako ni mtu wa maneno, unamjua, anaongea hata mkono wake ukiwa kinywani mwa mgonjwa. Sasa alikuwa anatazama nje tu, dirisha hili na lile. Nikaona jasho limeshuka mpaka kwenye kola. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama watoto, tuko wapi?"

Niliogopa, mdogo wangu. Sikuambii uongo. Nikakumbuka ramani ya karatasi iliyo kwenye mfuko wa kiti. Nikaifungua magotini, na mikono ikafanya ilichozoea. Tulikuwa tunakwenda kusini, nikaigeuza kichwa chini. Kule tulikokuwa tunakwenda kukawa mbele yangu, na mto, ambao kwa karatasi iliyosimama vizuri uko mkono wa kulia, ukaja mkono wa kushoto.

Nikamwambia atafute mto kushoto. Akatupa jicho kwenye ramani, akaona maandishi yote yamelala miguu juu.

"Umeishika kinyume. Mto uko kulia, nimeuona kulia miaka yote."

"Uliuona kulia tulipokuwa tunakwenda. Sasa tunarudi. Angalia kushoto."

Aliangalia kulia kwanza, kwa ubishi, na kulia kulikuwa na bonde la vichaka tu. Ndipo akageuka kushoto. Mto ulikuwepo, umejikunja kama kiwiko, vilevile kama ulivyochorwa. Tukaufuata mpaka tukaliona tangi la maji la shule, na kutoka hapo hata mimi ningefika kwa miguu.

Tulishuka, tukaingia kwenye gari. Hapo akawasha injini, akaizima. Akaniambia kwamba lile bonde la kulia alilotaka kulifuata linaishia kwenye milima, na mafuta yalikuwa hayatoshi kwenda kulikagua na kurudi. Akajaribu kufanya utani, eti kupotea njia ndiko kujua njia. Nikamwambia aliyeutunga msemo huo alikuwa anakwenda kwa miguu.

Sasa ungedhani mambo yamekwisha. Ndiyo kwanza yamevurugika. Jana Spana aliposikia habari hii alichukua tableti, ikiwa imepoa, akabonyeza mahali, na ramani nzima ikageuka yenyewe ikaelekea kule pua ya ndege inakoelekea. Kumbe chombo hiki kinajua kugeuza ramani tangu kilipotengenezwa! Shemeji yako alilijua hilo, ila akafunga, eti rubani wa kweli huweka kaskazini juu. Miaka yote hii ananicheka mezani mbele ya wakwe, na tableti yenyewe ni Kinyumenyume mwenzangu.

Nilifurahi kwa dakika kumi. Kisha nikaanza kuitazama inavyogeuka yenyewe, kila gari likikata kona nayo inazunguka, nikapata kizunguzungu. Mimi nimezoea kuigeuza kwa mkono wangu. Ikigeuka yenyewe, nitajuaje ni ramani iliyogeuka au ni sisi tuliogeuka? Shemeji yako naye, tangu Ijumaa, haamini kulia wala kushoto, jana aliweka chumvi kwenye chai akasingizia jua. Hivyo katika nyumba hii kuna watu wawili wazima waliochanganyikiwa, na tableti moja inayoungua.

Kesho asubuhi ndiyo siku ya mwisho ya muuzaji kutubadilishia. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo. Nimeamua kuchukua ile ndogo, ya laini, yenye kidude. Inaenea pajani bila kugombana na kitambi, na iko chini, mbali na kioo, kwenye kivuli. Nimeishonea mfuko mweupe wenye matundu ili ipumue. Kama nimekosea, nitakuwa nimekosea kwa mara ya nne, na muuzaji atafunga duka akiniona. Ile karatasi nayo itakuwa magotini kwangu safari nzima, na atakayeniambia niisimamishe vizuri atashuka.

Nikuambie ukweli, Kitinda. Bado naogopa. Naogopa milima, naogopa kioo kuzima, na zaidi ya vyote naogopa uzinduke uangaze macho chumba kizima usinione. Hofu hii ya mwisho ndiyo kubwa, basi hizo nyingine zitaifuata nyuma.

Tutaondoka Jumanne tarehe 13 asubuhi, hewa ikitulia. Hewa ikikataa, tutajaribu Jumatano. Kina baba mdogo nimewaomba wasinipigie simu kunitakia safari njema, maana wananitakia kwa sauti ya msibani.

Nisalimie mumeo na umwambie namletea suruali mbili, aache kunenepa kabla sijafika. Wasalimie watoto wako pacha wote wawili, mama mkwe wako na yule jirani yako muuguzi anayekusomea barua zangu kwa sauti. Muuguzi, asante, na hapo kwenye kitambi ungeweza kuparuka.

Mungu aishike mikono ya daktari wako, akupe usingizi mwepesi na kuamka kwepesi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jambo moja la mwisho. Tableti itaniambia kwamba tumefika, na karatasi itaniambia, lakini mimi na vyombo hivi tumekoseana mara nyingi. Lile shuka la njano nililokushonea ulipoolewa, mumeo alianike nyuma ya nyumba Jumanne tangu saa tatu asubuhi, alitandaze lote, alikaze kwenye kamba. Wewe usinyanyue mikono, keti tu karibu yake. Mimi sitatafuta kidoti. Nitatafuta njano. Na ukiingiwa na wasiwasi ukisikiliza mngurumo usiokuja, ikumbuke ile siku ya karatasi ya Baba. Watu wote wanakumbuka kwamba niliigeuza. Wewe peke yako ulikuwa na mimi, wewe peke yako unajua kwamba kwa shangazi tulifika.

Ni mimi dada yako akupendaye, mbele na nyuma,

Kinyumenyume.