Nasser Alivyotoka Nyumbani

Goba, Ijumaa

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Wajukuu zako hawajambo, na mlimao wa Nasser hapo getini umeanza kuchanua. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu tukianza tu, tunalia wote.

Siku ile ya mazishi, tukikurushia picha mtandaoni, ulipopiga simu kutoka Muscat ukauliza, "Salsabil, mie naona ukungu tu, mwanangu yuko wapi?" wanaume walishaingia sebuleni kubeba jeneza. Shemeji Mazin alisimama mlangoni na kamera ya kaka yake, akanihimiza, "Shemeji, fanya haraka, wanamtoa!"

Kamera ilikuwa nzima. Nikakumbuka Nasser alivyokuwaga akiniambia tukirusha harusi za watu mtandaoni: "Usiguse kamera, mke wangu. Angalia kwanza kompyuta inaomba picha ya ukubwa gani." Kweli, kile kidude kinachoingiza picha kwenye kompyuta kilikuwa kimewekewa ukubwa mdogo kabisa. Nikakizima, nikachagua ukubwa wa juu, 1920 kwa 1080, nikakiwasha. Nikakusikia, "Namwona! Namwona mwanangu!"

Nilipoinua macho kutoka kwenye mipangilio, sebule ilikuwa tupu. Sauti zao zilikuwa zimeshafika barabarani.

Makaburini sie wanawake hatuendi, na kwa haraka ile sikubonyeza kurekodi. Mazin nikimuuliza, anainuka na kutoka nje.

Mama, wewe ndiye uliyeona. Eda bado naikalia, nitasoma taratibu. Niandikie alivyotoka. Nani alishika mbele? Walimpitisha karibu na mlimao wake?

Mkweo akupendaye,
Salsabil